Askari wa Kreyo

Ile picha niliisoma vibaya, na niliisoma kwa sauti mbele ya watu. Niseme hilo kwanza. Nimewaona wazee wenzangu wanavyosimulia maisha yao: wanaanzia kwa babu, wanapita kwa mbuzi za babu, na wakikaribia pale walipokosa, kikohozi kinawakamata na hadithi inaishia hapo. Mimi kifua changu ni kizima.

Nilizaliwa Kingi, karibu na Masisi, katika nyumba ya Wakristo, walimaji wa maharagi na viazi kwenye mteremko mkali. Tangu utoto nilikuwa mtu wa kushuku. Mama akinipa kiazi, nilikipasua kwanza niangalie ndani. Mtu akinisalimia mara mbili kwa siku moja, nilijiuliza anatafuta nini kwangu. Baba alinipiga makofi mengi kwa ajili ya tabia hiyo, lakini haikutoka. Shuleni hata ilinisaidia: kila sentensi ya Kifaransa niliisoma mara tatu kwa kuogopa kwamba imenificha kitu. Njo maana nilikijua Kifaransa kuliko wenzangu, na vita kubwa ya Wazungu ilipoisha, nikiwa bado kijana, nilipelekwa kule chini Walikale, kwenye biro ya teritware, ofisi ya serikali ya wilaya, niwe karani na mukalimani.

Sisi watu wa milima tulikuwa na maneno mengi juu ya watu wa pori la Walikale. Kwamba wanajua dawa za kuua polepole. Kwamba wanageuka chui. Kwamba Jumapili asubuhi ni Wakristo, na Jumapili mchana wanarudi kwa mambo yao ya zamani. Nilishuka na maneno hayo yote, nimeyakunja vizuri pamoja na mashati yangu. Kinyanga, lugha yao, hakikunipa shida, maana kinakaribiana na Kihunde chetu. Nilisikia kila walichosema, na sikuamini hata nusu.

Wakati ule serikali nayo ilikuwa na hofu. Miaka michache kabla yangu kulikuwa na machafuko porini. Watu wa dini moja iliyokatazwa waliwainukia Wazungu, na damu ikamwagika. Basi Bulamatari, ndivyo tulivyoiita serikali ya Wazungu, ikawa inatuma askari kukaa ndani ya vijiji wiki nyingi, ili watu waone bunduki kila asubuhi na wasahau mawazo mengine. Kijiji njo kililazimika kuwalisha. Kijiji kimoja, mwendo mfupi tu kutoka biro yetu, kilipewa askari kumi na mmoja, sajini wao akiwa mmoja wa hao.

Nani alimlisha nani, mimi sikujua wala sikuuliza. Kwangu yalikuwa mambo ya wanawake na vyungu.

Kati ya hao askari nilipata rafiki mmoja, mtu mrefu, mpole, kutoka mbali kabisa, upande wa Kasai. Alikuwa na upweke kama mimi. Jumapili moja nilimwalika kwangu. Nilikuwa sijaoa na nilijipikia mwenyewe, na watu walinicheka sana kwa hilo, karani mzima na mwiko wa ugali mkononi! Lakini chakula cha mkono wa mwingine sikukiamini, hasa kule. Wiki hiyo mama yangu alikuwa amenitumia kapu kwa msafiri mmoja, na ndani yake kambare mkavu aliyemnunua soko la Kirotshe, kando ya ziwa. Nilimtwanga pamoja na sombe, majani ya muhogo, mpaka akapotea kabisa ndani ya majani. Rafiki yangu alikula, akaomba tena, akaramba vidole. Nilijisikia mtu mzuri siku ile.

Kesho yake, Jumatatu, alipita mbele ya biro.

"Karani," akasema, "ile sombe yako uliweka nini ndani?"

"Kambare!" nikamjibu kwa majivuno. "Kambare ya kwetu, ya ziwa. Huku hamuwezi kumupata."

Uso wake ukajifunga. Akasema asante, akaenda. Mimi nikabaki mlangoni nikinung'unika: huyu naye, unamlisha vizuri, anakununia. Mchana ule akaanza kutapika. Jumanne akawa hasemi tena, amelala uso ukutani, hataki maji, hataki mtu. Wakambeba kwenye tipoyi, machela ya mabegani, hadi kwa muuguzi, na muuguzi hakuona homa wala kuhara, hakuona kitu. Wakamtia ndani ya motokari apelekwe hospitali, mbali. Niliona miguu yake mirefu ikitokea nyuma ya motokari, nikasikitika kwa kweli.

Sajini yeye hakusikitika, alikasirika. Alisema neno moja tu: sumu. Na neno hilo likiisha kusemwa pahali kama pale, nani atalirudisha? Bwana wa teritware, yule Muzungu aliyetutawala wote, aliamuru nyumba zote za kijiji zipekuliwe.

Ndani ya nyumba hawakupata kitu. Jumatano, muwindaji mmoja alikuwa anarudi kutoka porini na mkuki wake na nyama begani, polisi wakamsimamisha, wakamwaga mfuko wake chini. Katikati ya kamba na kipande cha muhogo kulikuwa na karatasi ya kaye, daftari la shule, imekunjwa mara nne. Wakaileta biro, wakamleta na mwenyewe. Bwana akaifungua juu ya meza, akaitazama, kisha akaigeuza kwangu.

"Wewe ni mtu wa hapa," akasema. "Soma."

Mimi si mtu wa hapa, nilitaka kumwambia, mimi ni mtu wa Masisi. Lakini kwake sisi wote tulikuwa hapa. Na zaidi ya hayo, niseme wazi, nilifurahi. Kila siku nilitumwa kubeba maneno ya wengine. Siku ile niliombwa maneno yangu.

Ilikuwa picha ya kreyo, yaani penseli. Askari kumi na mmoja wamesimama kwa safu, kila mmoja na kofia yake ndefu na bunduki kando ya mguu. Hawakuchorwa ovyo. Huyu mrefu, huyu kiwete kidogo, huyu masikio makubwa. Sajini alikuwa na mistari yake mkononi na tumbo la mviringo. Aliyechora hakumuonea, tumbo lile lilikuwa lake kweli. Chini ya safu kulikuwa na nyumba kumi na moja, na kutoka kila askari mstari ulishuka hadi nyumba moja. Juu ya vichwa vya askari wengi kulikuwa na nyama mdogo amechorwa: tumbili tunayemwita makako, nguruwe wa pori, mbuzi, nyoka, kakakuona. Na kila nyama alipigwa musalaba. Juu ya sajini hakukuwa na kitu.

Wa tatu kutoka kushoto alikuwa mrefu kuliko wote. Juu ya kichwa chake kulikuwa na samaki mwenye ndevu, amepigwa musalaba.

Nilipomuona yule samaki, kitu kilinichoma hapa, chini ya mbavu. Nakikumbuka mpaka leo. Nilikifunika. Mtu wa kushuku, ndugu zangu, ana macho makali ya kuangalia nje tu.

Nikasoma. Kwa Kifaransa kwanza, kisha kwa Kiswahili ili sajini asikie. Nilisema: hawa ni askari wetu, wamehesabiwa, hakuna aliyesahauliwa. Mistari hii inaonyesha kila nyumba imepewa askari wake wa kumaliza. Nyama hawa ni dawa. Huku kila sumu inafichwa chini ya jina la nyama. Musalaba ni kifo. Na sajini hana nyama juu yake kwa sababu walikuwa bado hawajakubaliana atakufa kwa dawa gani. Hilo la sajini nilibuni palepale, na lilinipendeza sana. Sajini akashika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Na huyu wa tatu," nikamaliza, "njo yule aliyepelekwa hospitali."

Ayi! Bwana alinitazama kwa heshima ambayo hakuwahi kunionyesha. Akamwuliza muwindaji: karatasi hii ni ya nani? Nikatafsiri. Muwindaji alikuwa mtu mzima, mkavu, na medali ya Bikira shingoni. Na kwenye mkono wake wa kushoto alivaa ngozi nyembamba ya nyama fulani, ya mambo yao ya zamani. Niliitazama ile ngozi kuliko nilivyoitazama medali.

"Iko yangu," akasema.

"Uliichora wewe?"

"Iko yangu."

Hakusema lingine. Waliuliza mpaka jua likageuka. Mimi nilikihesabu kimya chake kuwa ushuhuda, nikamwambia Bwana hivyo: mtu asiye na kosa angepiga kelele. Wakamfungia kwenye chumba cha mfungwa, na nikaenda kujipikia, mlango nimeufunga vizuri.

Ijumaa kesi ilisikilizwa kwenye baraza ya biro, watu wa kijiji wamekaa chini kwenye uwanja, polisi pande zote. Kila mtu alijua kinachongojewa. Kama Bwana angeona ni kosa, muwindaji angepelekwa mbali, kule ambako hakuna hata mtu mmoja wa lugha yako, bila tarehe ya kurudi. Wengine tulikuwa tumewaona wakipanda motokari. Kurudi hatukuwa tumemuona mtu.

Bwana alikuwa amekwisha kufungua kitabu chake aandike, mwanamke mmoja akasimama katikati ya watu. Alikuwa mke wa muwindaji. Polisi akamsukuma akae, hakukaa. Bwana akasema, haya, mwache.

Kiswahili chake kilikuwa cha soko tu, basi alisema kwa Kinyanga, na alisema kwa muda mrefu, bila kulia, akinitazama mimi usoni kwa sababu mimi njo nilikuwa mlango. Muwindaji alimkemea mara ya kwanza: "Kaa chini, mama!" Mara ya pili akaacha, akainamisha kichwa.

Alisema hivi. Picha ile aliichora yeye. Kushika kreyo alifundishwa kwenye katekesi, herufi zilimshinda, lakini mkono ulibaki na hamu. Kapita, yaani mkubwa wa kijiji, alikuwa amemuweka yeye kuwa mwangalizi wa chakula cha askari. Siku ya kwanza kabisa, askari mmoja alikuta nyama ya makako katika chungu, na kwa ukoo wake makako ni mwiko, haliwi. Alimwaga chungu chote na kumpiga jirani yake mpaka sikio likatoka damu. Askari hawa wametoka nchi kumi na moja, kila mmoja na mwiko wake! Basi alizunguka kwa kila mmoja, kwa ishara na kwa Kiswahili cha soko, akawauliza: wewe unakatala nini? Akachora. Mstari ni nyumba inayomlisha. Musalaba ni usimpe. Sajini hana kitu juu yake kwa sababu sajini anakula kila kitu. Hapo watu wa uwanjani walitaka kucheka, hawakuthubutu. Na mume wake alibeba karatasi porini, ili akiua nyama ajue nyama huyo anaweza kuingia nyumba gani.

Nilisikiliza. Mapadri walitufundisha kuicheka miko. Nilikuwa nimeicheka vizuri sana, mpaka nikasahau kwamba watu wanaishi nayo. Kijana yeyote wa pori lile, hata asiyejua kusoma, angeonyeshwa picha ile angesema: aa, chakula cha askari. Ilihitaji karani wa kutoka milimani kuona mauaji ndani yake.

Lakini hakuwa amemaliza.

"Yule murefu," akasema, "Jumapili hakukula kwangu. Jumatatu nilimupelekea chakula, akakatala. Akaniambia: Mama, nimekula kambare, mwiko ya baba yangu, na sikuyua. Nitakufa. Nikamuuliza, ulikula kwa nani? Akasema, kwa Karani." Akanyoosha mkono, si kwa hasira, bali kama mtu anayeonyesha njia. "Kwa huyu anayesimama hapa. Sumu haiko. Iko samaki, na samaki ilitoka kwake. Umuambie Muzungu."

Bwana alikuwa amenyanyua kalamu.

"Anasema nini?"

Nataka mnielewe, sitaki mnihurumie. Kama ningeyapitisha maneno yale yote kwa uaminifu, Bwana angeuliza swali moja tu: basi nani alimlisha samaki? Na nilimfahamu Bwana yule, alishuku kuliko mimi. Angesema karani ametia sumu, kisha amesoma picha kwa uongo ili kumpakazia mwingine. Ndani ya motokari ningepanda mimi. Nilimuona mama yangu Kingi akingoja na kapu lake. Niliogopa. Hofu ile sina jina lingine la kuipa.

Nikasema kwa Kifaransa maneno matatu, elle demande grâce: anaomba huruma.

Bwana akatikisa kichwa, akaandika. Kuomba huruma, akasema, ni kukubali kosa.

Yule mama aliendelea kunitazama. Hakujua Kifaransa hata kidogo. Akaniuliza kwa Kinyanga, polepole:

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Mama."

Akakaa chini.

Jumamosi motokari ilikuja kumchukua mume wake. Mama alifika na chakula cha safari kimefungwa kwa majani ya ndizi. Polisi akanigeukia mimi, kwa sababu siku zile mimi nilikuwa mtaalamu wa sumu, akauliza kama kifurushi kipite. Mngefikiri kwamba aibu ilikuwa imenifunza kitu. Nikasema: fungua. Wakafungua, mulikuwa bugali na nyama. Nikasema: aonje yeye kwanza. Kwa nini nilisema vile? Labda nilitaka yule mama awe na kosa, hata dogo, ili nilale. Alimega bugali, akatia kwenye nyama, akatafuna mbele yetu, akameza, akafungua kinywa polisi aone. Kisha akafunga tena majani, taratibu, pembe kwa pembe, akampa mume wake. Motokari ikaenda.

Rafiki yangu wa Kasai hakufa. Miezi miwili baadaye nilisikia kwa sajini kwamba alipona, akarudi kwa jeshi, na alikataa kumwambia mtu kilichomsibu. Namuelewa. Mtu aliyevunja mwiko wa baba yake hatangazi. Nilimwendea Bwana siku ile? Hapana. Nilikwenda mpaka mlangoni, nikaulizwa nataka nini, nikasema nimekuja kuchukua wino.

Kitu kimoja nilifanya. Niliiba ile picha ndani ya makaratasi ya kesi, nikaificha katika sanduku langu. Nilijiambia ni kwa ajili ya haki, siku moja. Ukweli ni kwamba niliogopa mwingine asije akaisoma vizuri.

Nikahamishwa Masisi, nikaoa, nikapata watoto. Kila nilipohama nyumba, karatasi ilihama nami. Mke wangu aliikuta mara moja, akauliza hawa askari ni nini. Nikamwambia ni mchezo wa watoto wa shule. Hata kwake nilitafsiri.

Miaka minane ao tisa ilipita. Nilitumwa tena Walikale, kufuatana na Muzungu mmoja wa migodi aliyekwenda upande wa Omate na alihitaji mtu wa lugha. Njiani nikasikia watu wakisema, bila kujua mimi ni nani, kwamba yule muwindaji amerudi. Nilimuaga Muzungu wangu kwa nusu siku, nikadanganya nina ndugu pale karibu. Karatasi nilikuwa nayo kifuani.

Niliwakuta mbele ya nyumba, mchana. Muwindaji alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, amekuwa mzee kuliko miaka yake. Mikono ilimtetemeka. Mkuki ulikuwa umeegeshwa ukutani na buibui ametengeneza kwake pale. Mama alikuwa anatwanga. Alinitazama mara moja tu, akanijua.

"Karibu, Papa Karani," akasema. "Kaa."

Akaenda jikoni. Kabla ya kuingia aligeuka, akaniuliza lile swali aliloliuliza zamani kwa askari kumi na mmoja:

"Wewe unakatala nini?"

Nikasema sikatai kitu, Mama.

Akaleta bugali, na sombe, na nyama kidogo. Akaweka katikati. Kwa desturi ya pale mwenye nyumba huonja mbele ya mgeni. Alimega, akaonja kila kimoja, akameza. Hakufungua kinywa safari hii. Mimi nikatoa karatasi, nikaikunjua juu ya magoti yangu, kreyo ilikuwa imefifia lakini wote kumi na mmoja walikuwa bado wamesimama. Nikampa.

Aliwapitia mmoja mmoja. Akagusa mmoja kwa kidole.

"Huyu mwenye masikio," akasema, "sikumuchora muzuri."

Basi nikashindwa. Nikamwambia yote. Kwamba siku ile sikusema maneno yake. Kwamba nilisema anaomba huruma. Kwamba niliogopa. Nililia, mtu mzima, na kamasi, sikujali.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje, Mama? Kifaransa hukisikii."

"Maneno yangu yalikuwa mingi. Yako yalikuwa tatu. Nilihesabu." Akaikunja karatasi mara nne, kwenye mikunjo yake ya zamani, akaitia ndani ya kikwembe alichojifunga kiunoni. "Nilikuuliza, ni hayo tu. Nilikupa njia ya kurudi."

Muwindaji alikuwa amesikia yote. Nilimgeukia yeye, nikangoja matusi, ningeyapokea. Nilikuwa nayatamani. Alivuta chakula karibu nami.

"Ile kambare yako," akaniuliza, "ilikuwa tamu?"

Nilitafuta ujanja ndani ya swali lile, kama nilivyotafuta ndani ya kila kitu maisha yangu yote. Haukuwamo. Alitaka kujua tu. Miaka yote ile alikuwa amejiuliza.

"Ilikuwa tamu, Papa," nikasema. "Tuliimaliza yote."

Akaitikia kwa kichwa.

"Basi, kula."

Na sasa nafika pale ambapo wazee wenzangu wangekohoa. Nilinawa mikono. Mama alikuwa amekwisha kuonja, mbele ya macho yangu, kila kimoja. Machozi yalikuwa bado mashavuni mwangu. Na mkono wangu haukwenda. Ulibaki juu ya magoti, unangoja. Unangoja yeye muwindaji ale kwanza.

Aliona. Akamega bugali, mkono ukimtetemeka, akachovya, akala, akameza. Kisha akanifungulia kinywa ili nione.